Kanga, kitenge, dera au abaya: ukiwa na hela ya nguo moja, ununue ipi?

Swali hili huzidi miezi ya harusi. Mtu ana mwaliko mkononi, hela ya nguo moja, na dukani vitambaa vya kila namna vinamwita. Muuzaji atamwambia vyote vimempendeza, ndiyo kazi yake. Shoga atamshauri anunue kile alichonunua yeye. Mimi naona njia nyepesi ya kuchagua ni kuuliza kila vazi liliingia kwetu lini, na lilikuja kumfaa nani. Kanga ililetwa na haja ya aina yake, kitenge vilevile, abaya vilevile, na mpaka leo kila moja linaifanya vizuri zaidi kazi iliyolileta. Ukilituma kazi nyingine litakwenda, lakini kwa kununa.

Nitakaa sana kwenye kanga na kitenge, maana hapo ndipo watu wanapobabaika. Dera na abaya nitavipitia. Wanaume mna aya yenu moja, subirini.

Kanga: nguo ya aliyejinunulia mwenyewe

Katika karne ya 19 mtu wa Unguja au Mombasa ulimjua hadhi yake kwa alichojifunga. Kulikuwa na merikani, pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa Massachusetts na kushushwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Biashara hiyo ilishika kasi baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Kulikuwa na kaniki, pamba ya bei ndogo iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Hizo ndizo nguo za watumwa na mafukara. Kwa upande wa pili, mabibi wa nyumba kubwa za Lamu walipotoka nje walitembea ndani ya shiraa, kama hema la kitambaa lililoshikwa kwa miti na watumwa wao, ili mpita njia asione hata kisigino.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Wanawake waliokuwa jana mali ya mtu wakaanza kuuza vitumbua, kulima vishamba vyao, kufua na kupika kwa ujira. Kipato kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chao, na kati ya vitu vya mwanzo walivyovitupa kilikuwa kaniki. Hakuna aliyetaka kuonekana barabarani na sare ya utumwani.

Wakati huo kanga ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Wanawake walikuwa wakinunua leso za mraba zilizochapwa rangi, zikiwa bado gora zima hazijakatwa, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja yenye maua. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona. Wakaagiza nguo ichapwe nzima, kwanza Ulaya na India, baadaye hata Japani, na kila meli ilipokuja ilikuja na michoro mipya. Aliyejifunga michoro ya mwaka jana alijulikana. Ukisikia mtu analalamika kwamba kufuata mitindo ni ugonjwa wa vijana wa siku hizi, mkumbushe bibi zetu.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu ndiyo inayoeleza mambo matatu ya kanga ambayo yatakusaidia dukani.

La kwanza, kanga haina mpimo. Kipande kimoja ni kama sentimita 150 kwa 110, na vinauzwa viwili viwili: doti kwa Tanzania, pea ya leso kwa Mombasa. Moja unajifunga, moja unajitanda. Haimhitaji fundi zaidi ya kukatwa katikati na kupigwa pindo, kazi ambayo mwenye cherehani barazani mwa duka anaimaliza kabla hujahesabu chenji. Unene, ukonde, ujauzito, uzee: kanga haina habari navyo. Mwanamke aliyetoka kuwa huru, ambaye kesho yake haijui, alihitaji nguo ya namna hiyo. Ingekuwa ngumu kumuuzia kitu cha kushonwa kwa mwili wa leo tu.

La pili, kanga inagawanyika. Doti moja ni zawadi ya watu wawili wanaopendana: kipande chako, kipande cha dada yako. Ikichakaa inakuwa mbeleko, ikichakaa zaidi inakuwa nepi, kisha kata ya kubebea ndoo, kisha tambara la jikoni. Sijui nguo nyingine inayotumika mpaka mwisho kiasi hicho.

La tatu, kanga inasema. Maneno ya zile za mwanzo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye zikaja za Kilatini. Kwa Mombasa, jina linalotajwa daima ni la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, mwenye duka lililoanza mwaka 1887. Leso zake zenye alama ya K.H.E. na maneno *Mali ya Abdulla* bado zinatafutwa mpaka leo. Mke asiyeweza kumjibu mumewe mbele ya wakwe, jirani aliyesengenywa, mke mwenza mwenye donge, wote walipata pa kusemea bila kufungua mdomo.

Kaa dakika chache kwenye duka la kanga Kariakoo au Biashara Street ya Mombasa uone zinavyonunuliwa. Muuzaji anashusha rundo, anafungua moja moja upesi upesi kama anayepanga karata. Mnunuzi haangalii maua kwanza. Jicho linakwenda pale chini ya mji, yaani uwanja wa katikati ya kanga, juu kidogo ya pindo la chini, penye jina, yaani yale maneno. "Hiyo inasemaje?" Anasomewa. Anacheka, au anafyonza. Kama macho hayaoni vizuri, atamwomba hata asiyemjua amsomee, na hapo duka zima linaingia kwenye mjadala: hii ukimpelekea wifi yako atajua unamsema. *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake* ni kanga nzuri kwa rangi, lakini humpelekei mtu uliyekosana naye mwezi uliopita kama kweli unataka amani. *Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu* inamfaa mkwe. *Japo sipati tamaa sikati* unajinunulia mwenyewe, na wanaokujua watakisia mengine.

Hili ndilo kosa la wanaume wengi. Mume anatoka safari, kaleta doti kwa kuangalia rangi tu, kisha nyumbani kunakuwa na ukimya asioujua umetoka wapi. Soma kwanza, ndipo ulipe.

Kitenge: nguo ya fundi na ya kundi

Kitenge kina njia ndefu zaidi. Waholanzi waliona batiki za Java, wakataka kuziiga kwa mashine na kuwauzia wenyewe Wajava kwa bei ya chini. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Soko la Java halikuwaitikia walivyotarajia, lakini Afrika Magharibi ilizipenda nguo hizo, pamoja na zile nyufa ndogo za nta ambazo Wajava waliziona ni kasoro. Baadaye Kongo ikazipenda, na vitenge vizito vikawa vikivuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma na kwingineko. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Tanzania akitaka kukusifia kitenge chake atakwambia ni cha Kongo, hata kama kimetoka China wiki iliyopita.

Lakini kilichokifanya kitenge kuwa kitenge tunachokijua ni uhuru, pamoja na yaliyoufuata. Nchi mpya zilitaka kujua Mwafrika aliyesoma, anayekwenda ofisini na kupanda ndege, avae nini asionekane anamwiga mkoloni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, mikorogo na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Likaitwa Operesheni Vijana, utekelezaji uanze Januari mosi 1969. Wasichana wa mjini walishambuliwa barabarani kwa ajili ya sketi. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku vimini mwaka 1972. Zaire, Mobutu aliwavua wanaume tai na koti akawavalisha abakosti, suti isiyovaliwa tai, na wanawake wakatakiwa wavae vitenge badala ya suruali. Ni ajabu kidogo: kila mahali wanaume walikaa kikao kujadili heshima ya taifa, na heshima hiyo ikaonekana iko kwenye magoti ya wanawake.

Sketi fupi ilipopigwa vita, kitu kilitakiwa kijaze nafasi. Kanga ilikuwa ya nyumbani na ya pwani mno. Karani wa benki asingejifunga kanga kazini. Kitenge kizito kilikubali kukatwa, kutiwa zipu, kola, mikono ya puto. Wakati huohuo viwanda vya hapa vilikuwa vinafunguliwa: Urafiki wa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa msaada wa China, Mwatex wa Mwanza miaka hiyohiyo, na upande wa Kenya Rivatex ya Eldoret katika miaka ya 1970. Pamba ilitoka Shinyanga na Mwanza, ikafumwa na kuchapwa nchini, kanga kwa vitenge. Kisha ikaja ile miaka ya baada ya vita vya Kagera, duka la kijiji lina rafu tupu, kanga inapangiwa foleni na kugawiwa kwa orodha. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawatupi kanga hata leo. Angalia kabati la bibi yako.

Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilifungulia biashara, mitumba ikamiminika, na viwanda vingi vikaanza kuyumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kweli, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake unafuu wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma. Kwa hiyo kitenge kilichoko mbele yako leo kinashindana na gauni la mtumba la bei ya chai, na kimesalimika kwa sababu moja: mtumba hauwezi kuwa sare. Huwezi kupata magauni 40 ya mtumba yanayofanana. Vitenge unapata.

Na hapo ndipo kitenge kilipojikita. Mashemeji, wanakwaya, wanawake wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wafanyakazi siku ya Machi 8, upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, familia ya marehemu: kila kundi lina kitenge chake. Kanga humtangaza mtu mmoja na maneno yake. Kitenge hutangaza uko na nani. Ukielewa tofauti hiyo umeshamaliza nusu ya kuchagua.

Zikiwekwa pamoja mezani

Bei ya dukani inadanganya. Doti ya kanga ukishalipa na kupiga pindo umemaliza. Kitenge ukishalipa ndiyo kwanza umeanza: bitana, zipu, vifungo, na fundi, ambaye kwa mshono wenye mikato mingi atakutoza kuliko kitambaa chenyewe. Pisi ya kawaida ni yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu. Gauni rahisi linatosha kwa yadi 3, kwa hiyo ukipata mwenzako mnaweza kugawana pisi moja. Mkitaka gauni refu lenye marinda na kilemba juu, kila mtu anunue yake.

Kwa joto la Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, kanga haina mpinzani, kwa sharti iwe pamba tupu. Kitenge cha pamba kinavumilika. Kitenge cha poliesta ni adhabu, na siku hizi ndicho kimejaa. Kukijua si kazi: chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu laini. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, inabaki tone gumu jeusi. Muuzaji akikukatalia uzi mmoja, jibu umeshalipata. Tazama pia upande wa nyuma. Kitenge cha waksi kina rangi ileile mbele na nyuma, na zile nyufa nyembamba za nta hazifanani popote. Kile cha kuchapwa juujuu nyuma yake imepauka tangu siku ya kwanza. Si kwamba cha kuchapwa ni kibaya. Kwa sare ya kuvaliwa mara moja kinatosha kabisa, ila usilipe bei ya waksi.

Kanga nayo ina ujanja wake. Mpya huwa ngumu na inang'aa kwa sababu ya wanga iliyotiwa, na wanga huficha wepesi. Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona sura ya muuzaji upande wa pili, jua ukiifua mara mbili itakuwa chandarua. Nyekundu na nyeusi huchuja, kwa hiyo ifue peke yake mara ya kwanza. Wengi hutia chumvi kwenye maji. Kitenge kifue kabla hujakipeleka kwa fundi, maana pamba hurudi, na gauni lililoshonwa la kubana likirudi halina msamaha.

Kwenye mwili unaobadilika, kanga inashinda. Mwanamke aliyejifungua asipewe kitenge cha kushona, apewe doti mbili za pamba laini, na hatazisahau. Kwenye picha, kitenge kinashinda, hakuna ubishi: kina umbo, kinakaa, kilemba chake kinasimama. Kanga kwenye picha inaonekana kama uliitwa ghafla ukiwa jikoni, isipokuwa umevaa kanga nzima mbili zilizonyooshwa kwa pasi, kama wanavyovaa kinamama wa Unguja.

Ofisini kitenge kimekubalika, hasa Ijumaa. Kanga ofisini bado ni ya kutundika nyuma ya kiti, kwa ajili ya kiyoyozi. Sipendi ilivyo, lakini sikudanganyi.

Msibani ni kinyume. Kwa Bara na pwani, mwanamke anayeingia msibani bila kanga anaonekana kaja kutembea. Kanga hujifungwa juu ya gauni, nyingine kichwani au mabegani. Unakalia mkeka nayo, unapikia nayo, unamfunika nayo mtoto wa mfiwa aliyelala. Familia nyingi za mjini sasa hushona vitenge vya sare kwa siku ya mazishi, na fundi hukesha usiku wa pili wa msiba akishona za wafiwa. Tabia hii inanishinda. Mtu amefiwa juzi, leo anapimwa kiuno. Lakini nimeona pia jinsi sare ile inavyomsaidia mgeni kujua ampe nani mkono, kwa hiyo sitakuzuia. Wewe kama si ndugu wa karibu, chukua kanga yako nyumbani uende.

Kwa zawadi, karibu mara zote kanga. Orodha za mahari bado zina mkaja wa mama, na hata inapolipwa kwa fedha taslimu, watu hupenda kuandamanisha na doti. Bibi harusi wa pwani huvishwa kisutu chenye wekundu, weusi na weupe. Kungwi anayemfunda mwari hatunzwi kwa yadi 6 za kitenge ambazo itambidi atafute fundi. Anafungwa kanga palepale kiunoni watu wakishangilia. Zawadi ya kitenge ni deni unalompa mtu: sasa inabidi atafute hela ya kushona.

Dera na abaya, kwa kifupi

Dera ndilo vazi lililoteka nyumba nyingi ndani ya miaka isiyofika thelathini. Asili yake ni dirac ya Wasomali. Likashuka kupitia Eastleigh na Mombasa, likafika Unguja na Dar, na huko pwani likapata ndugu yake, kijora, ambacho sasa kinashindana na kitenge kwenye sare za harusi. Lilikuja wakati wake. Mwanamke wa mjini ana genge, ana mteja wa simu, mgeni anabisha hodi saa yoyote. Anataka kitu kimoja cha kupachika juu kichwani na kutoka. Kanga mbili zinahitaji kufungwa na kufungwa tena. Dera halihitaji chochote ila shumizi ndani, maana kitambaa chake ni chepesi hadi kinaonyesha. Kwa kazi za nyumbani, safari ya basi na jioni ya kukaa barazani, nunua dera. Usilinunue kwa jikoni la kuni au la mkaa: mengi ni ya nyuzi za plastiki, huyeyuka kwa moto na kugandia mwilini. Hapo kanga ya pamba ni salama zaidi.

Abaya ina ukoo wa heshima. Buibui jeusi lilienea Unguja, Lamu na Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka Uarabuni, na lilifanya kazi ambayo shiraa haikuweza tena. Watumwa wa kushika hema hawakuwapo. Kwa buibui, bibi wa nyumba kubwa alijisitiri mwenyewe, na mjakazi wa zamani akajisitiri vilevile, wakapita njia moja usiwajue nani ni nani. Wenye nasaba zao hawakufurahi. Lile la zamani lilikuwa pana, lenye kamba ya kufungia kichwani. Abaya ya leo, yenye mikono na nakshi, imekuja na mizigo ya ndugu walioko Muscat na Dubai, wakiwemo waliohama Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 na wale waliokwenda kutafuta kazi. Kwa kuchagua: ikiwa unahudhuria shughuli tatu kwa wiki na huna hela ya kushona tatu, abaya moja nzuri nyeusi inakuvusha zote, na chini yake hakuna anayeuliza umevaa nini. Lipa zaidi kwa kitambaa, lipa kidogo kwa mawe ya kung'aa, ambayo huanza kudondoka kwenye daladala.

Wanaume

Kanzu na kofia viliwahi kuwa na vita vyao, maana mtumwa hakuruhusiwa kujivika kama bwana wake, na baada ya uhuru wao wengi walikimbilia kofia kama wake zao walivyokimbilia kanga. Kwa leo chaguo lenu ni rahisi: kanzu ina maisha marefu kuliko suti, na shati la kitenge linakubalika karibu kila mahali. Nasema karibu, kwa sababu Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa. Tanzania, suti ya mikono mifupi isiyo na tai ilikuwa ndiyo vazi la kiongozi enzi za Mwalimu. Mtu aliyevaa tai ndiye aliyetazamwa kwa jicho la pembeni. Mkiwa na mashaka, vaeni kanzu.

Basi uchague

Kama hela ni ya nguo moja tu na hujui utaitwa wapi mwaka huu, nunua doti ya kanga ya pamba nzito yenye jina lisilomchokoza mtu. Itakwenda msibani, kwa mzazi, kwenye maulidi, na kwa kitanda chako mwenyewe.

Kama una mwaliko mmoja mkubwa na picha zitasambazwa kwenye kila kundi la WhatsApp la ukoo, nunua kitenge, lakini kwa mshono unaoweza kuvaliwa tena kazini. Achana na ule wenye mabawa.

Kama umeambiwa kuna sare, jiulize bibi harusi ni nani kwako. Wa kuzaliwa naye, lipa bila maneno. Mtoto wa mfanyakazi mwenzako wa zamani, peleka mchango wa kamati, vaa kitenge chako cha mwaka juzi au abaya, ukae nyuma. Watu wanadhani watasemwa. Watasemwa, ndiyo, kwa siku moja. Deni la sare husemwa na mwenye duka mpaka mwisho wa mwezi. Kinachonikera kwenye sare ni pale kamati inaponunua kitambaa kwa jumla, kisha inakiuza kwa wageni kwa bei ya juu bila kusema. Ukikutana na hiyo, kipige picha kitambaa, nenda nacho kwenye simu mpaka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ukaulizie bei mwenyewe.

Na kama umeangukia kwenye kitenge, mpelekee fundi mapema, kikiwa kimeshafuliwa, pamoja na gauni la zamani linalokukaa vizuri ili asikupime kwa kukisia. Lipa nusu tu. Halafu mtajie tarehe ya harusi iliyo wiki moja kabla ya ile ya kwenye kadi.